Kuanzisha bendi ya shule: miguu kwanza, ngoma pili, tarumbeta mwisho

Shule nyingi zinazotaka bendi huanzia dukani. Michango ya wazazi inakusanywa, zinanunuliwa tarumbeta nne na tromboni mbili, siku ya mahafali vyombo vinang'aa, na muhula unaofuata viko stoo valvu (vile vitufe vya kubonyeza) zimeganda. Tatizo halikuwa pesa. Wanafunzi waliopewa vyombo vile walikuwa hawajajua kutembea pamoja wala kuhesabu pamoja, na chombo cha shaba hakimfundishi mtu hayo mawili.

Pwani yetu inalijua hili siku nyingi. Beni, ngoma ya kucheza kwa mtindo wa bendi za kijeshi, ambayo jina lake limetoka kwenye neno la Kiingereza la bendi, ilizuka Mombasa na Lamu miaka ya 1890, kisha ikaenea Tanganyika kwa vyama vya Marini na Arinoti. Vikundi vingi vya bara vilicheza bila shaba: vilikuwa na ngoma kubwa, sare, vyeo na mwendo. Mganda wa watu wa Ziwa Nyasa nao umejengwa hivyo, kaptula nyeupe, ngoma kubwa, na kibuyu kilichozibwa utando mwembamba kuigiza sauti ya tarumbeta. Tutafuata mpangilio huohuo.

Watu wangapi, vyombo gani

Bendi kamili ya shule inatosha watu 24: ngoma ndogo 6, tena (ngoma za ukubwa wa kati) 2, ngoma kubwa 1, matoazi pea 1, tarumbeta 6, honi za alto 2, tromboni 3, yufonia (kama tuba ndogo) 1, susafoni au tuba (chombo cha sauti nzito kuliko vyote) 1, na kiongozi 1 mwenye fimbo. Lakini muhula wa kwanza usinunue chochote cha kupuliza. Watu kumi wa ngoma na matoazi ni bendi tayari. Shule ya msingi ambayo wanafunzi huingia madarasani kwa ngoma kila asubuhi tayari ina nusu ya kazi hiyo mkononi.

Ngoma kubwa ndiyo moyo, na kosa la kawaida ni kumpa mtoto mwenye mwili mkubwa kuliko wote. Mpe asiyeyumba. Namna ya kumpata: fungua programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu, iweke mapigo 110 kwa dakika, waambie watembee papo hapo. Baada ya nusu dakika zima sauti kwa sekunde 15 huku wakiendelea, kisha irudishe. Watakaokuwa bado wamo ndani ya pigo ni wachache, watatu au wanne kati ya thelathini. Hao ndio wa ngoma kubwa na tena. Waliokimbia mbele usiwafukuze, wengi wao hufaa kwenye ngoma ndogo wakishapata wa kumfuata.

Kwa darasa la tano hadi la saba, ngoma kubwa yenye kipenyo cha inchi 20 hadi 22 inatosha, sekondari wanaweza kubeba 26. Mkanda upite mabega yote mawili na kukutana mgongoni. Mkanda wa bega moja unampinda mtoto, na akishapinda hatua zake zinaanza kwenda upande.

Miguu: wiki tatu bila chombo

Pima uwanja. Kwa watoto wa msingi hatua moja iwe sentimita 60, kwa sekondari 70 hadi 75. Hatua nane za sentimita 60 ni mita 4.8, kwa hiyo chora mistari ya chokaa kila baada ya mita 4.8, mistari sita. Kazi ya mwanafunzi ni moja: mguu wa kushoto uanze kwenye mstari, na hesabu ya nane ikiisha awe amefika mstari unaofuata bila kunyoosha wala kufupisha hatua. (Bendi za Marekani hutumia kipimo kinachokaribiana na hiki, hatua nane kwa yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila hatua. Si bahati, ni kipimo ambacho mguu wa kijana unakibeba bila kujilazimisha.)

Anza na mapigo 104 kwa dakika. Wiki ya pili 110, ya tatu 116. Mwendo wa haraka wa gwaride ni 116 hadi 120, na hakuna haja ya kuvuka hapo. Kama huna simu ya kuhesabia, tumia saa ya mkononi: hatua 30 ndani ya sekunde 15 ni 120 kamili.

Amri ziwe zilezile za gwaride ambazo watoto wamezisikia tangu skauti: mguu sawa, mguu pande, mbele tembea, simama. Pigo la kwanza daima ni mguu wa kushoto. Usiruhusu "tutarekebisha tukishaanza", kwa sababu bendi iliyoanza na mguu wa kulia inapiga wimbo mzima kichwa chini.

Utaona makosa matatu. La kwanza, kutazama miguu: kichwa kikishuka, bega linashuka, mstari unapinda. Mpe kitu cha kutazama, kola ya aliye mbele yake. La pili, mkono na mguu wa upande mmoja kwenda pamoja. Kila kundi lina mtoto wa namna hiyo, na ukimkemea anazidi. Mwache atembee mikono ikiwa imelegea kabisa kwa dakika tano, itajipanga yenyewe. La tatu, na hili ni la bendi zote hadi za wakubwa, ni mistari ya nyuma kuchelewa kwa sababu inasikiliza badala ya kutazama. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye mita kumi hasara ni ndogo, lakini ngoma ikiwa mbele kabisa na bendi ni ndefu, mwisho wa mstari unasikia kuchelewa na ukishachelewa unazidi kuchelewa. Ndiyo maana ngoma hukaa katikati.

Kona ndiyo inayoonyesha nani kajifunza. Chukua mstari wa watu wanne, nafasi ya mita 1.2 kati ya mtu na mtu, wanakunja kulia kwa hesabu nane. Wa ndani anapiga hatua papo hapo huku akigeuka kidogo kidogo. Wa pili anatembea mita 1.9 kwa jumla, yaani hatua za sentimita 24. Wa tatu mita 3.8, hatua za sentimita 47. Wa nje mita 5.65, hatua za sentimita 71. Chora robo duara tatu kwa chokaa, weka alama nane kwenye kila moja, waache wapite juu yake mara ishirini. Kosa ni la wa ndani, karibu kila mara: anatembea mbele badala ya kukaa, na wa nje analazimika kukimbia. Macho ya wote yaelekee kwa wa nje, si kwa wa ndani.

Ngoma

Usimpe mtoto ngoma kabla hajajua kijiti. Kila mmoja atengeneze kibao chake: plaiwudi ya sentimita 30 kwa 30, juu yake kipande cha tyubu ya gari kilichokazwa kwa misumari midogo pembeni. Soli ya ndala iliyobandikwa kwa gundi ya viatu nayo inafaa. Kinarudisha kijiti kama ngozi, na mtoto anaweza kufanya mazoezi nyumbani bila jirani kuja kugonga mlango.

Kijiti kishikwe theluthi moja kutoka nyuma, kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vimelala tu. Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, anabana. Kijiti kinachobanwa hakirudi, na mtoto anakivuta kwa bega. Baada ya dakika kumi amechoka na kasi inaanza kushuka. Mazoezi ni haya, dakika tano kila moja, pole pole: mapigo nane kulia, nane kushoto, kisha kupokezana moja moja, kisha mawili mawili, mwisho paradidli, yaani kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Anayeweza paradidli kwa dakika mbili bila kuongeza kasi apewe ngoma.

Mdundo wa kwanza wa kutembelea, kwa hatua nne: ngoma ndogo *ta, ta, tata, ta*. Ngoma kubwa hupiga kila hatua, ya kushoto nzito, ya kulia nyepesi. Tena hupiga hatua ya kwanza na ya tatu. Matoazi hufuata ngoma kubwa, lakini yasigonganishwe uso kwa uso kama vifuniko vya sufuria: moja lipite juu ya jingine kwa mteremko. Yakikutana sawasawa hewa inanaswa katikati na sauti inakatika *pwap*.

Kukaza ngoma ndogo kunataka utulivu. Kaza kwa vidole hadi skrubu zote ziguse, kisha nusu mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara kama fundi anavyokaza nati za gurudumu. Gonga sentimita 3 kutoka ukingoni mbele ya kila skrubu. Sauti zikitofautiana, kaza iliyo chini. Ngozi ya chini iwe imekaza zaidi ya ya juu, na nyaya za chini ziiguse tu. Nyaya zikibanwa mno ngoma inasonga, haina pumzi. Ngoma za ngozi ya mbuzi zina tabia yao: unyevu wa asubuhi wa pwani unazilegeza, kwa hiyo zianikwe juani dakika 10 hadi 15 kabla ya kupiga. Usizisahau huko, kwani saa moja ya jua la saa sita inatosha kuzipasua.

Shaba

Muhula wa pili, ngoma zikiwa zinatembea bila kutetereka, leta vyombo vya kupuliza. Kwenye mitumba kagua mambo manne. Vuta bomba dogo la valvu bila kubonyeza kitu: likitoka na mlio wa *pop*, chombo hakivuji, likitoka kimya, valvu zimelika na hakuna fundi atakayekurudishia kwa bei ya maana. Bonyeza valvu kwa pembeni kidogo, si katikati, ikikwama, imepinda. Tazama bomba la kwanza baada ya kipulizio, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo: madoa mekundu kwenye shaba ni kutu inayoila kutokea ndani. Kwa tromboni, isimamishe wima, achia mkono wake wa nje (lile bomba linalovutwa) huku umeuwekea kiganja chini. Usiposhuka wenyewe bila kukwaruza, umepinda, na mkono uliopinda ni tromboni iliyokufa. Mibonyeo kwenye mdomo mpana wa mbele isikusumbue, hiyo ni sura tu.

Wiki ya kwanza kila mtoto apewe kipulizio peke yake. Midomo ifungwe kama anayesema "mmm", pembe zikaze, katikati ilegee, kisha apulize hadi itetemeke kama nyuki. Dakika kumi kwa siku, si zaidi. Midomo ni msuli na ikizidishwa inavimba. Kila mmoja awe na kipulizio chake. Kama lazima wapokezane, kioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kumpa mwingine. Kufuta kwa shati si kuosha.

Sasa linakuja jambo linaloangusha walimu wengi wanaotoka kwenye kwaya. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati: mpigaji akipuliza "C" yake, kinanda kitaisikia B flati. Honi ya alto ni ya E flati. Tromboni inasoma sauti kama ilivyo. Ukiwapa wote karatasi moja ya noti, watapiga nyimbo tatu kwa pamoja. Tiba ipo, na wanakwaya wetu wanaijua: tumia do re mi, na amueni kwamba do ya bendi ni B flati ya kinanda. Kisha kila chombo kijue mahali pake, tukihesabu valvu za kubonyeza:

- Tarumbeta, yufonia na tuba ya B flati: do bila valvu, re 1 na 3, mi 1 na 2, fa 1, sol bila valvu.
- Honi ya alto ya E flati: do bila valvu, re 1 na 2, mi 2, fa bila valvu, sol 1.
- Tromboni, kwa nafasi za mkono: do 1, re 6, mi 4, fa 3, sol 1.

Do na sol za tarumbeta hazina valvu zote mbili. Tofauti ni midomo. Mwanafunzi anayepata sol akitaka do amekaza mno, alegeze na apulize hewa nene, pole pole. Re yenye 1 na 3 husikika juu kidogo kwenye tarumbeta karibu zote, kwa hiyo afundishwe kusukuma bomba la valvu ya tatu nje kama sentimita moja kila anapoifika. Na kabla hujagawa tromboni, nyoosha mkono wa mtoto: nafasi ya sita ni mbali, na wengi wa chini ya miaka 12 hawaifikii. Tromboni wape warefu, au wimbo wa kwanza uandikwe tromboni isiguse re.

Kwa sauti hizo tano kuna nyimbo nyingi za watoto na viitikio vya kutosha vya dansi na singeli. Wimbo wa taifa usubiri. Unataka karibu oktavu nzima (do hadi do ya juu), na unapigwa bendi ikiwa imesimama mguu sawa. Wimbo wa taifa uliokosewa mbele ya mgeni rasmi unakumbukwa kwa muda mrefu kuliko yote mliyopiga vizuri.

Kuunganisha na miguu kuna ngazi tatu, usiruke: wapige wamesimama, kisha wakipiga hatua papo hapo, kisha wakitembea kwa 104. Mguu ushuke kisigino kwanza na kubingirika hadi vidoleni. Mtoto anayekanyaga kwa unyayo mzima chombo kinaruka kila hatua, kipulizio kinagonga meno, sauti inakatika kama gari kwenye matuta.

Vinavyoharibika na sababu zake

Valvu hukwama kwa sababu ya soda na mandazi, si kwa uzee. Sukari inaingia na mate, inakauka ndani. Sheria iwe kusukutua mdomo kabla ya kushika chombo. Mafuta ya valvu matone matatu kila wiki. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, ya mashine ni mazito. Mabomba ya kusawazishia sauti yapakwe vaselini mara moja kwa mwezi yasigande.

Mtoto amefungua valvu kusafisha, amerudisha, sasa hewa haipiti kabisa? Hajavunja kitu. Valvu zina namba 1, 2 na 3 zilizochorwa juu yake. Amezichanganya, au hajazizungusha hadi kile kikomo kidogo kiingie kwenye mfereji wake kwa *tik*.

Kipulizio kilichonasa hakitolewi kwa koleo. Koleo linapinda bomba na hasara inakuwa mara kumi. Tafuta kivutio chake maalumu, au mpelekee fundi.

Kuosha ni mara moja kwa muhula, maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto yanabandua rangi ya juu.

Siku ya kutoka

Panga safu nne. Tromboni mbele kabisa, kwa sababu mkono wake unahitaji nafasi na hakuna mgongo wa mtu wa kuugonga. Kisha vyombo vizito, kisha ngoma katikati, tarumbeta na honi nyuma. Fimbo ya kiongozi ikipanda maana yake vyombo midomoni, ikishuka wote wanaondoka na mguu wa kushoto huku ngoma ndogo zikipiga roli (mapigo ya mfululizo) mbili, kila moja ya hatua tatu; vyombo vinaingia baada ya ya pili. Kusimamisha wimbo, ngoma kubwa ipige mapigo mawili ya harakaharaka karibu na mwisho. Mfanyie mazoezi mpigaji huyo peke yake: asipopiga, nusu ya bendi inarudia wimbo na nusu inanyamaza.

Sare nzito ya mtindo wa jeshi inapendeza kwenye picha, na Dar es Salaam ya mwezi wa kumi na mbili inaangusha watoto. Shati la pamba, bereti, glovu nyeupe kwa wa ngoma na kiongozi, inatosha. Wanywe maji nusu lita saa moja kabla. Wanaozimia kwenye gwaride mara nyingi si wagonjwa: wamesimama magoti yamekazwa nyuma na damu haipandi. Waambie magoti yalegee kidogo, na wabonyeze vidole vya miguu ndani ya kiatu wakisubiri hotuba iishe.

Baada ya gwaride watu watataka mcheze. Matarumbeta ya mtaani, yale yanayopanda gari la wazi kwenye harusi, yana ujanja mmoja wa kuiga: ngoma kubwa inaacha kupiga kila hatua, inaacha tundu kwenye hesabu ya tatu, na ngoma ndogo inalijaza. Tundu hilo ndilo linalotikisa mabega. Wafundishe mdundo huo mwisho kabisa, wakishauweza ule wa kawaida, maana wakianza nao hawarudi tena kwenye mstari.

Vyombo vikirudi stoo, mate yamwagwe kwa kufungua vile vivalvu vidogo vya chini, mkono wa tromboni ufungwe kwa kufuli lake, ngozi za mbuzi zilegezwe mzunguko mmoja. Vyote viwekwe juu ya rafu, si sakafuni. Panya wanapenda ngozi, na mwangalizi wa stoo aliye na orodha ya namba za vyombo na majina ya waliovishika atawagundua panya hao mapema kuliko mwalimu wa muziki.